Dawa Ile Ile, Kidonge Kingine

Jumatano, 6 Machi

Daktari amenipa daftari. Mimi, ninayesahihisha madaftari tisini ya darasa la tatu kila siku, leo nimekabidhiwa la kwangu. "Andika kila siku, Dorkas. Umemeza saa ngapi, umelala vipi, umeona nini. Hata usipoona kitu, andika kwamba hujaona."

Sababu ni hii. Ninaumwa kifafa tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Kwa miaka sita sasa sijaanguka hata mara moja, na miaka yote hiyo nimemeza dawa moja asubuhi na jioni: vidonge vidogo vya mviringo, vyenye herufi zilizochorwa juu, ndani ya boksi ninaloweza kulitambua hata nikilipapasa gizani. Vilikuwa vinakuja kliniki hapa Bunda kwa ufadhili, na ufadhili umekwisha. Leo Felisian, mtoa dawa, amenisukumia dirishani vidonge vingine. Vikubwa, havina maandishi, na ukivigusa vinakuachia unga vidoleni.

"Hizi ni nini?"

"Ni zile zile, mama. Hii ni jeneriki. Dawa iliyo ndani haijabadilika. Kilichobadilika ni kiwanda na jina."

"Na orijino ziko wapi?"

"Zimeisha."

Alisema hivyo bila kuinua macho, na mimi mtu asiyeniangalia usoni simwamini. Nikawaza, huyu anaziuza pembeni.

Daktari hakunificha kitu. Alisema kwa wagonjwa wengi hakuna tofauti yoyote, ila kwa ugonjwa wetu wanapenda kumwangalia mtu kwa karibu anapobadilisha, ndiyo maana ya daftari. "Ninachokuomba ni kimoja: usiache. Anayeacha ghafla ndiye anayeumia."

Kwenye benchi nje alikaa mama mmoja aliyesema anatoka Guta, mtoto wa kike wa miaka kama tisa amemlalia mapajani. Naye alishika vidonge vile vile, anavigeuzageuza.

"Na wewe wamekupa hizi?"

"Wamenipa, lakini sizimezi," nikamwambia. "Hizi ni chaki. Mimi nitatafuta orijino mpaka nizipate."

Aliona wino mwekundu kwenye vidole vyangu. "Wewe ni mwalimu?"

"Ndiyo. Wa Nyegina."

Huo ulikuwa uongo. Nafundisha hapo hapo kwao Guta, ila yeye hakuonekana kunifahamu. Shuleni hakuna anayejua ninaumwa nini; Mwalimu Mkuu Luhende anaamini kwamba kila mwezi nafuatilia presha. Yule mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa tangazo, akafunga vidonge kwenye pindo la kitenge akaondoka.

Nyumbani nimehesabu zile za zamani zilizobaki. Ishirini na mbili. Siku kumi na moja.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemeza saa moja asubuhi na saa moja jioni. Za zamani. Hakuna kitu. Ishirini.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, njia yetu ya Manyamanyama imekuwa mto. Nimemwambia mume wangu, Makongoro, habari za dawa. Alikuwa anasafisha miwani yake ya kuchomelea.

"Dawa ni dawa, Mama Fred. Zile za malaria si zinabadilikaga kila siku? Na tunapona."

Yeye hajawahi kuamka na kukuta watu wamesimama mbali wanamtazama, mkojo umemlowanisha, na hakumbuki amefikaje chini. Aliyewahi hawezi kusema dawa ni dawa.

Kumi na sita.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemeza. Salama. Kumi na mbili.

Jumatano, 13 Machi

Nane. Nimesahihisha hesabu za watoto na kukuta nimeandika "8" pembeni ya jibu la mtoto aliyepata sahihi. Nimeifuta kwa aibu.

Jumamosi, 16 Machi

Vimebaki vidonge viwili tu vya kesho. Vya keshokutwa havipo.

Leo nimekwenda Musoma. Nimemwambia Makongoro naenda kumwona rafiki. Nimeingia famasi nne. Ya kwanza walisema hawana. Ya pili walinionyesha jeneriki nyingine, ya kijani. Ya tatu dada alinipigia simu Mwanza mbele yangu, wakamwambia hazijulikani zitakuja lini. Ya nne mzee alinitazama juu ya miwani: "Binti yangu, kwa nini unajisumbua? Chukua hizi, ni zile zile." Wote wanaimba wimbo mmoja. Nilitoka nikasimama ukutani karibu na mwaloni, pale wanaposhushia samaki, upepo wa ziwa unanipiga usoni na harufu ya dagaa, nikajikuta nalia mbele ya watu waliokuwa wanapakia magunia.

Wakati narudi stendi, kijana mmoja wa duka dogo la vipodozi na dawa alinisikia nikiuliza kwa jirani yake. Akaniita ndani. Akatoa chini ya meza boksi. Boksi lenyewe! Rangi ile, maandishi yale. Vidonge hamsini. Akaniambia nisiseme nimevipata wapi. Nilivilipia bila kubishana bei, mimi ninayebishanaga hata fungu la nyanya.

Jumapili, 17 Machi

Kanisani nimeimba mpaka jirani yangu kageuka. Nimemeza kutoka boksi jipya. Nimelala kama mtoto.

Jumanne, 19 Machi

Nimemeza. Salama.

Jumatano, 20 Machi

Nimemeza. Salama. Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemeza. Kichwa kizito kidogo. Pengine ni mafua.

Ijumaa, 22 Machi

Kipindi cha tatu nilikuwa ubaoni nafundisha kugawanya. Nikasikia ladha ya chuma mdomoni, kama nimelamba msumari. Naijua ladha hiyo. Kwa miaka sita sikuwa nimeionja. Nikashika ukingo wa ubao. Baada ya hapo sijui. Nilichosikia ni sauti ya mtoto wa dawati la mbele: "Madam, umenyamaza."

Sikuanguka. Chaki ndiyo iliyoanguka. Nikawauliza nimenyamaza muda gani, wakatazamana. Mmoja akasema, "Tulifikiri unatutega, tukakaa kimya." Watoto tisini walikaa kimya wakisubiri mtego wa mwalimu, na mwalimu hakuwepo.

Niliwaambia wanakili zoezi, nikakaa kitini mpaka kengele. Nilikuwa nameza orijino! Siku tano nimemeza orijino, na ladha ya chuma imerudi. Sasa nifanye nini? Leo Fred aliomba nimwogeshe. Nimemwita Makongoro amwogeshe yeye.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda kwa Felisian. Haikuwa siku ya kliniki, lakini dirisha la dawa lilikuwa wazi. Nilifika na hasira nimeiandaa njiani. Nikaweka boksi mbele yake.

"Hizi hapa. Ulisema zimeisha. Mbona Musoma zipo?"

Aliliangalia boksi. Akatoa vidonge, akavigeuza upande wa nyuma, akavisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaniita niingie ndani, akanipa kiti.

"Mama, soma namba hii ya kwenye boksi. Sasa soma hii iliyogongwa kwenye karatasi ya vidonge. Zinafanana?"

Hazikufanana.

"Soma tarehe ya mwisho kwenye boksi. Haya, soma ya kwenye karatasi ya vidonge."

Boksi lilisema mwaka ujao. Karatasi ya vidonge ilisema miaka miwili iliyopita, na tarehe ilikuwa imekwanguliwa kwa ncha ya kitu, ila haikufutika yote.

"Mtu ameokota boksi zuri akatia vidonge vilivyokwisha muda. Umemeza siku ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ya jana. Sikuwa nimekusudia, yametoka tu. Sasa aliniangalia usoni, na nikagundua jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Ndiyo maana anainamaga. Hanioni vizuri pale dirishani. Na mimi nilimhukumu kwa hilo.

"Mama Fred, mimi siwezi kukuapia hutaanguka tena. Hata zile za zamani hazikukuapia. Lakini hizi najua zimetoka wapi, zimekaa wapi, na nani amezigusa. Hilo boksi lako sijui."

Daktari alikuwa wodini, Felisian akamwita, naye akaja. Akasema nianze pale pale, dozi ile ile. Nimemeza kidonge cha kwanza kisicho na maandishi kwa maji ya Felisian, kwenye kikombe cha bati.

Jumapili, 24 Machi

Nimemeza. Usingizi mzito. Sikuenda kanisani.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemeza. Tumbo linachafuka. Nimefundisha nimekaa.

Jumanne, 26 Machi

Nimemeza. Nimekaa nasubiri ladha ya chuma kama mtu anayemsubiri mwizi. Haikuja.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Tumekuja Butiama kwa mama. Shule zimefungwa, nashukuru. Wakati tunachambua mboga nimemweleza yote. Mama hajui kusoma, lakini yeye ndiye aliyenishika kichwa siku ya kwanza nilipoanguka, kidato cha tatu, wakati wengine walikimbia.

"Unameza na huku unaogopa," akasema.

"Naogopa, mama."

"Ng'ombe ukimtoa malisho ya bondeni ukampeleka ya mlimani, anaharisha siku mbili tatu. Baba yako hakuwa anamrudisha bondeni kwa sababu ya kuharisha. Alikuwa anamtazama tu. Sasa wewe jitazame."

"Na kama mlimani kuna sumu?"

Mama akacheka. "Kama kuna sumu, ng'ombe wa jirani wangekuwa wamekufa. Umewauliza wa jirani?"

Hapana. Sijamuuliza mtu yeyote. Kila ninayemwona kliniki namkwepa asije akanijua.

Jumatano, 3 Aprili

Kliniki. Kwa mara ya kwanza nimeuliza watu kwenye benchi. Mzee mmoja wa Kabasa anameza hizi mpya mwezi mzima, hana shida. Msichana mmoja alianguka mara moja wiki ya kwanza, sasa ametulia. Mwingine amekataa kabisa, anatafuta Kenya. Yule mama wa Guta sikumwona. Nikadhani mvua imemzuia.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemeza. Salama. Nimemwogesha Fred mwenyewe, mlango wazi, Makongoro amekaa nje anajifanya anatengeneza baiskeli.

Jumatano, 10 Aprili

Shule imefunguliwa. Nimemeza. Salama. Mvua ya mawe.

Jumatatu, 15 Aprili

Salama.

Ijumaa, 19 Aprili

Salama. Pamba ya watu inaoza mashambani kwa maji, barabara ya Guta imekatika sehemu mbili, nimevuka nimeshika viatu. Lakini darasani nimesimama kipindi kizima bila kushika ubao. Wiki nne kesho.

Jumatano, 24 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nimepita kwa Felisian kuchukua dawa kwa sababu zangu zilikuwa zinakaribia kwisha. Alikuwa amevaa sura ya msiba. Nikamuuliza kulikoni.

"Kuna mtoto wa Guta ameletwa juzi. Wankyo. Ameanguka jikoni kwenye chungu cha uji. Mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko. Na degedege haikukatika haraka, walimfikisha hapa bado anatetemeka."

"Alikuwa hamezi?"

"Alikuwa anameza vizuri tu. Miezi minane hakuanguka. Tulipobadilisha dawa mwezi wa tatu, mama yake akazitupa chooni zote." Akakwangua meza kwa ukucha. "Nimemuuliza kwa nini. Anasema kuna mwalimu alikaa naye hapo nje kwenye benchi akamwambia hizi ni chaki. Mwalimu wa Nyegina. Mtu aliyesoma! Natamani nimjue."

Nikapokea vidonge vyangu. Nikasema ahsante. Nikatoka.

Nimetembea mpaka Manyamanyama kwa miguu na mvua ikinyeshea daftari hili ndani ya mkoba. Hakuna anayejua. Nyegina ni mbali, hakuna atakayemtafuta mwalimu asiyekuwepo. Nikikaa kimya, nisiende wodini kusema, kimya kitabaki hivyo hivyo. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, jinsi ilivyo rahisi.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemeza. Sikwenda.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikwenda. Nimemwambia Makongoro. Nilitegemea aseme si kosa langu, kila mtu ana akili yake. Alizima redio.

"Kesho nitakupeleka," akasema. "Nitakusubiri getini. Ndani utaingia mwenyewe."

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Mwezi wa tatu, wiki ile aliyosema anafuata vyuma Musoma, alikuwa anatafuta dawa yangu. Famasi sita. Hakuniambia kwa sababu hakuzipata. Na mimi niliandika humu kwamba yeye ni mtu wa dawa ni dawa.

Jumamosi, 27 Aprili

Wodi ya watoto ina vitanda kumi na viwili. Cha tatu kushoto, Wankyo, mkono umefungwa bandeji nyeupe juu ya mto, anamtazama nzi. Mama yake amekaa sakafuni anamenya chungwa. Anaitwa Wegesa. Siku ile kwenye benchi sikuwa nimemuuliza hata jina.

Alinitambua kabla sijasalimia.

"Mwalimu. Umetoka Nyegina kuja kutuona?"

"Mama Wankyo, mimi si wa Nyegina. Nafundisha hapo kwenu, Guta. Nilikudanganya."

Kisu kilisimama kwenye chungwa.

"Ulinidanganya kwa nini?"

"Sikutaka mtu wa Guta ajue ninaumwa kifafa."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini wodi ni ndogo. Mama wa kitanda cha pili aligeuka. Naye namjua. Ana mtoto darasani kwangu.

"Zile dawa nilitupa," Wegesa akasema. "Nilisema, mimi niliishia darasa la nne, huyu ni mwalimu. Mwalimu hawezi kumwambia mtu kitu asichokijua."

"Sikuwa nakijua. Nilikuwa naogopa."

"Ulikuwa unaogopa ukanipa mimi woga wako, nikaenda nao nyumbani." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Na wewe hizo orijino ulizipata?"

"Nilizipata, zikawa mbovu."

"Kwa hiyo sasa unameza zipi?"

Nikatoa kwenye mkoba nikamwonyesha.

"Hizi hizi?"

"Hizi hizi."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema jana. "Tangu tarehe ishirini na tatu mwezi wa tatu."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo inacheza. Nilimwona akifika mwisho wa hesabu.

"Kwa hiyo wakati mimi nasubiri mtoto wangu apone bila dawa, wewe ulikuwa unameza. Na nyumba yangu ipo nyuma ya shule yako. Hukuja kuniambia nianze."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naandika kweli: siku zote hizi nilijilaumu kwa maneno ya benchi, na mwezi mzima wa kunyamaza sikuuona kabisa. Nilisema nisamehe. Alisema, "Ondoka kwanza, mwalimu." Nilipofika mlangoni nikamsikia Wankyo akiuliza, "Mama, huyo naye anaangukaga kama mimi?" Sikusikia jibu.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemeza. Ofisi ya walimu ilinyamaza nilipoingia. Kikombe changu kimewekwa peke yake dirishani.

Alhamisi, 2 Mei

Mwalimu Luhende kaniita. Alifunga mlango, kisha akaufungua kidogo, kama vile hajui kipi ni salama.

"Mwalimu Dorkas, wamekuja wazazi wanne. Wanasema unaambukiza kwa mate. Wengine wanasema ukianguka utawaangukia watoto."

"Kifafa hakiambukizi, mkuu."

"Mimi najua. Nadhani najua." Akapangusa paji la uso. "Lakini presha, mwalimu? Mbona uliniambia presha?"

"Ningekuambia kifafa ungeniacha darasa la tatu?"

Alifikiri, na nilimheshimu kwa kufikiri. "Hapana," akasema. "Ningekupa maktaba."

Hatuna maktaba. Tukajikuta tunacheka wote wawili, halafu tukaacha. Anataka nichukue likizo wiki mbili mpaka mambo yapoe. Nimemwambia nipe kikao cha wazazi kwanza.

Jumapili, 5 Mei

Nimemeza. Usingizi hakuna. Daktari alisema kukosa usingizi kunaleta degedege. Sasa naogopa kwa sababu silali, na silali kwa sababu naogopa.

Jumatano, 8 Mei

Kikao. Wamekuja zaidi ya wazazi sitini, wamesimama mpaka nje na matope miguuni. Felisian alikuja kwa pikipiki kunisaidia. Nilikuwa nimeshamweleza kwamba yule mwalimu wa Nyegina ni mimi. Kesho yake aliniuliza kikao ni saa ngapi. Leo alizungumza vibaya, maskini, akataja viambata na viwango mpaka watu wakaanza kusinzia.

Kisha nikasimama mimi. Nikawaambia ninaumwa nini na tangu lini. Nikawaambia Machi ishirini na mbili nilipotea darasani kwa muda nisioujua, na kwamba watoto wao walikaa kimya wakinisubiri. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Felisian aliinamisha kichwa, nadhani alitamani nisiseme hilo. Nikawaambia mtoto wa Wegesa ameungua kwa sababu ya maneno yangu, na kwamba kama kuna mwingine hapa ametupa dawa kwa sababu zimebadilika sura, arudi kliniki kesho, asinisubiri mimi wala mwalimu yeyote.

Mzee mmoja akauliza, "Na ukianguka?"

"Watoto wasogeze madawati mbali nami, wanilaze ubavu, wasinitie kitu mdomoni, mmoja amwite mkuu. Nitaamka. Naomba niwafundishe hilo."

Wazazi kumi na mmoja wamewahamishia watoto wao mkondo wa pili. Mmoja wao ni yule mama wa kitanda cha pili. Wengine wamebaki. Sijui kama wameniamini au mkondo wa pili umejaa. Likizo sikupewa.

Alhamisi, 9 Mei

Felisian ametuma ujumbe: leo watatu wamerudi kuchukua dawa. Watatu tu. Nimesoma ujumbe huo mara nyingi.

Jumatano, 15 Mei

Nimemeza. Salama. Mvua zimepungua. Wankyo ametoka hospitali, nasikia. Napita nyuma ya shule kila siku, naona moshi wa jiko lao, sijabisha hodi. Sijui kama kubisha kutakuwa kwa ajili yao au kwa ajili yangu.

Ijumaa, 24 Mei

Asubuhi, kabla ya kengele, Wegesa alisimama mlangoni kwangu. Amemshika Wankyo begani. Mtoto amevaa sketi ya shule ya mtu mwingine, imekunjwa kiunoni mara mbili, bandeji imepunguzwa mpaka kwenye kiganja.

"Hajawahi kusoma," Wegesa akasema. "Nilimficha nyumbani kwa sababu ya kuanguka. Ana miaka tisa."

"Anameza?"

"Anameza asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe namhesabia." Alimkaza mtoto sketi kiunoni. "Sijakusamehe, mwalimu. Nakuambia ili ujue. Lakini hapa Guta ni wewe peke yako ambaye akianguka hutamkimbia."

Akaondoka bila kuaga, anaruka madimbwi.

Mwalimu Luhende amesema aandikishwe darasa la kwanza, ila wiki ya kwanza akae kwangu azoee. Nimemweka dawati la mbele. Wakati wa mapumziko watoto walitoka, yeye akabaki, akaja mezani akanong'ona.

"Madam, mimi ikitaka kuja naonaga kuku weupe wengi wanapita ukutani. Nikimwambia mama anasema hakuna kuku. Na wewe unaonaga nini?"

Nimeumwa ugonjwa huu nusu ya maisha yangu. Madaktari wameniuliza nimemeza saa ngapi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa sababu tu naye anapitaga huko.

Nikavuta kiti kingine, nikamwambia akae, nikaanza kumweleza.